Mwalimu Mektrida na Shamba la Tiara la Mama Digna

Leo, Jumamosi ya tarehe 30 Juni 1984, Mwalimu Mektrida Temba anaweka chaki chini baada ya kufundisha miaka ishirini na mitatu na nusu, yote katika shule moja, Shule ya Msingi Lyaruka, huku mlimani juu ya Himo. Aliingia Januari 1961, miezi kumi na mmoja kabla ya bendera kubadilishwa. Tangu siku hiyo shule imebadilisha walimu wakuu sita, imeezekwa mara tatu, na imeibiwa kengele mbili. Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba amebaki yuleyule.

Walimu wenzangu waliponikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu, walinisihi nisigombane na mtu. Nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba wasifu mwingi wa wastaafu katika nchi hii ni uongo uliopigwa pasi. Kila mstaafu huwa alikuwa mpole, mchapakazi, mwenye ushirikiano mwema na wenzake, mpaka unajiuliza wale wakali, wavivu na wachoyo tuliofanya nao kazi walistaafia wapi. Mwalimu Mektrida hakuwa mpole. Alikuwa sahihi, jambo ambalo ni gumu zaidi na halipendwi sana.

Kabla ya ualimu alichambua kahawa katika kiwanda cha kukoboa mjini Moshi. Alikaa mezani na wanawake wengine arobaini wakitenga punje nzuri na mbovu kuanzia asubuhi hadi jioni. Anasema pale ndipo alipojifunza kazi ya ualimu: kutazama punje moja moja, na kutodanganywa na gunia kwa kuwa gunia limejaa. Alikwenda chuo akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaozesha. Watu walimcheka. Aliwaacha wacheke, akahitimu.

Alipofika Lyaruka shule ilikuwa na madarasa manne, na mwembe wa kusomea chini yake hakuna, maana mwembe huku juu hauzai; watoto walisomea migombani jua likiwaka na jikoni kwa padri mvua ikinyesha. Mwaka 1967 serikali ilipoamua kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili, walimu wengi walilalamika kwamba hesabu haiwezi kusemeka kwa lugha yetu. Mwalimu Mektrida hakulalamika. Alikwenda kwa seremala akamuuliza anaitaje pembe ikiwa kali, akaenda kwa mwashi akamuuliza anajuaje ukuta umesimama wima, akarudi na msamiati wake ndani ya kikapu kama mtu aliyetoka sokoni. Mabwana waliodai kwamba lugha ya seremala haitoshi kujengea fikra wapo hai hadi leo, na wengine wamealikwa kwenye sherehe hii. Karibuni sana.

Visa vyake ni vingi, na nitataja vichache tu. Mwaka 1978, watoto wote walipoandikishwa shule kwa mkupuo, alipewa darasa moja lenye watoto mia na wanne na madawati kumi na tisa. Aliwagawa kwa zamu za kukaa, akaifanya hesabu ya zamu hizo kuwa somo la wiki nzima. Wakati wa vita chaki ilipoadimika, aliandika kwa mkaa juu ya magamba makavu ya migomba, na mkaguzi alipouliza ubao uko wapi, akamwonyesha shamba zima la migomba nyuma ya shule. Katika mechi ya walimu na wazazi aliwahi kuwa mwamuzi, akasimamisha mchezo dakika kumi ili apime upya umbali wa penalti. Ilikuwa imezidi hatua moja. Sisi walimu tulifungwa kwa penalti hiyo, na aliyeipima kwa haki alikuwa mwenzetu. Yapo machungu ambayo miaka haitoshi kuyaponya.

Lakini wasifu huu ukisimama hapo utakuwa nao ni uongo uliopigwa pasi, kwa sababu kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Mwalimu Mektrida haikufanyika darasani, na mtu aliyekosea siku ile hakuwa mwanafunzi.

Ninyi mnaofundisha darasa la saba mnalijua somo la eneo la tiara. Watoto wetu hutengeneza tiara za magazeti kila Julai upepo unaposhuka kutoka mlimani, na kila mtoto anajua kwamba tiara ina vijiti viwili: kirefu kinachotoka kichwani hadi mkiani, na kifupi kinachokikata kwa kukingama. Mwalimu Mektrida alikuwa anaanza somo kwa kuwaambia watoto wasahau karatasi, wapime vijiti. Zidisha kijiti kirefu kwa kijiti kifupi, gawa kwa mbili, umepata eneo. Kisha alikuwa anawaonya: asiwepo mtu wa kuzunguka ukingoni akipima pande nne, maana pande hazitamwambia kitu. Somo lile lilikuwa linachukua vipindi viwili. Wakubwa tuliohitaji kulisoma tulikuwa nje, tunaendesha kijiji.

Ilikuwa mwaka 1975, katika kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetuangusha, na kijiji cha Lyaruka kiliazimia kwamba kila nyumba ilime eka moja kamili ya mahindi kule mashamba ya chini, kwenye tambarare ya kuelekea Himo. Azimio lilikuwa zuri na bado nalitetea. Atakayezembea, shamba lake lingepewa mwingine mwenye nguvu. Hilo nalo lilionekana zuri, na lilipitishwa kwa makofi.

Eka tulipimaje? Bwana shamba alikuwa ametufundisha kwamba eka moja ni hatua sabini kwa sabini, na kijiji kilikuwa na Mzee Eliufoo, mtu mrefu mwenye hatua zisizobadilika akiwa ameshiba au ana njaa. Shamba la mraba halikutusumbua. Lakini mashamba ya chini hayakukatwa na rula; yalikatwa na mifereji ya maji, na mifereji hupita inakotaka. Kwa mashamba yaliyopinda kamati ilitunga kanuni yake: Eliufoo atembee ukingoni pande zote nne, kisha jumlisha pande mbili zinazotazamana ugawe kwa mbili, fanya hivyo na mbili nyingine, uzidishe majibu. Ikiwa unapata sabini kwa sabini, hiyo ni eka.

Na kwa nini ukingoni tu? Kwa sababu huku kwetu mtu hakatizi shamba la mwenzake lenye mazao. Utazunguka kwenye mpaka hata kama umebeba mgonjwa. Ni adabu njema tuliyolelewa nayo, na hakuna aliyefikiri kwamba adabu njema inaweza kuharibu hesabu. Kanuni ile iliandikwa katika daftari la kijiji kwa mwandiko mzuri wa katibu wa kamati. Katibu huyo alikuwa mwalimu wa siasa wa shule hii, kijana mwenye maneno mengi na vitabu vingi. Ndiye anayeandika wasifu huu.

Mama Digna alikuwa mjane mwenye watoto watano. Shamba lake la chini lilikaa katikati ya mifereji miwili iliyoachana juu na kukutana tena chini, na umbo lake lilikuwa tiara tupu: pande mbili fupi za juu hatua thelathini kila moja, pande mbili ndefu za chini hatua mia na kumi kila moja. Pande zinazotazamana zilikuwa thelathini na mia na kumi. Jumla yake ni mia na arobaini, nusu yake ni sabini, na pande nyingine mbili ni hivyohivyo. Sabini kwa sabini! Kamati ilifurahi. Mama Digna akaandikwa eka moja kamili, hatua za mraba elfu nne na mia tisa.

Mavuno yalipopimwa mwezi wa nane, jirani yake Bwana Aristides, mwenye shamba la mraba la sabini kwa sabini, alipata gunia saba. Mama Digna alipata gunia nne na debe mbili. Mbegu ilikuwa moja, maji yalikuwa ya mfereji mmoja, mvua ilikuwa moja. Basi mvivu amejulikana. Bwana Aristides, ambaye alipendekezwa apewe shamba lile aliunganishe na lake, alikuwa mtu wa utani zaidi kuliko ubaya, lakini utani wake siku zile ulikuwa unachoma. Kila alipopishana na Mama Digna njiani alimuuliza, "Mama, jembe lako linaogopa jua?" Watu walicheka. Mama Digna alijibu mara moja tu, kwamba jembe lake haliogopi jua, linaogopa midomo.

Alikuwa anasoma katika darasa la watu wazima ambalo Mwalimu Mektrida alilifundisha alasiri, mara tatu kwa wiki. Alikwenda kwa mwalimu wake na swali moja. Hakuomba atetewe. Aliuliza inawezekanaje shamba lake likawa sawa na la Aristides, wakati yeye akipanda kwa nafasi zilezile hutumia mbegu chache kuliko jirani, na kila palizi yeye humaliza siku mbili mapema. Wanakamati tulikuwa tisa, na swali hilo halikumjia hata mmoja wetu. Sisi tulikuwa na daftari.

Jumamosi ya tarehe 16 Agosti kamati ilishuka mashambani kufanya kikao palepale mpakani, ili haki ionekane. Katibu alikuwa na azimio la kulitwaa shamba, limeandikwa kwenye karatasi ndefu, upande mmoja, kwa maneno makali. Lilisema kwamba katika vita vya kuiondoa njaa hakuna nafasi ya mikono iliyokunjwa. Lilimtaja mjane huyo kwa jina. Nilikuwa nimelisoma mara tatu mbele ya kioo.

Nilikuwa nimefika mstari wa pili Mwalimu Mektrida alipofika. Alikuwa ametembea saa nzima kutoka juu, vumbi hadi magotini. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, bila haraka, kisha akaomba ruhusa ya kuuliza. Aliuliza ni nani kati yetu amewahi kuingia katikati ya shamba lile. Mwenyekiti alisema kwa hasira kidogo kwamba mtu hakatizi shamba la watu, na mwalimu analijua hilo. Mwalimu akasema, "Ndiyo, meku, mzee wangu, nalijua. Kwa hiyo mmepima njia ya kuzunguka shamba. Shamba lenyewe bado."

Akachukua kamba ya mgomba iliyokuwa imefungia mzigo wa mtu, akaunganisha ncha zake, akawapa watu wanne waishike mpaka ikawa mraba. Kisha akawaambia wawili wanaotazamana wasogeleane na wawili wengine warudi nyuma. Kamba ilikuwa ileile, ukingo ni uleule, lakini nafasi ya ndani ilibanwa hadi mtoto wa mbuzi asingeweza kulala. Wazee walitazamana. Mimi nilitazama karatasi yangu.

Alitaka Mama Digna mwenyewe akatize shamba lake kwa hatua, mara mbili: kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, kisha kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia. Mzee Eliufoo akapinga. Alisema hatua za mwanamke ni fupi, zitaharibu vipimo vya kijiji. Mwalimu Mektrida alimshukuru kwa dhati. Akasema hatua zikiwa fupi hesabu huwa kubwa na shamba huonekana kubwa, kwa hiyo Mzee Eliufoo anaogopa kijiji kisije kikamwonea Mama Digna. Hata Aristides alicheka. Eliufoo alikuna kichwa, akitafuta alipoingilia mtego na asipaone.

Hapo Mama Digna alimaliza ubishi. Mwenye shamba ndiye pekee awezaye kutoa ruhusa ya kukatizwa, naye aliitoa, mbele ya watu wote, kwa mtu yuleyule ambaye hatua zake zilimtia hatiani. "Ingia wewe, baba Eliufoo. Lakini vua hizo katambuga zako, usinikanyagie maboga."

Mzee Eliufoo alivua viatu vyake vya matairi, akakunja suruali, akaingia pekupeku kati ya mabua na majani ya maboga, akihesabu kwa sauti kubwa. Sisi tulibaki mpakani tukihesabu naye kama watoto wa darasa la kwanza. Kutoka kona ya juu hadi ya chini: mia na ishirini na tano. Akarudi amelowa jasho, akaingia kwa kukingama pale shamba lilipokuwa pana kuliko pote: arobaini na nane. Alitazama nyuma alikopita, akarudia kuhesabu bila kuombwa, akapata arobaini na nane tena. "Hili shamba jembamba!" akasema, kama mtu aliyeibiwa. Alikuwa amelizunguka mara tatu katika msimu ule na hakuwahi kuliona.

Vijiti viwili vya tiara, basi: mia na ishirini na tano, na arobaini na nane. Ukivizidisha unapata elfu sita. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mwepesi wa hesabu za kichwani, alipaza sauti kwamba elfu sita ni zaidi ya eka, kumbe huyu mama amezidisha kosa! Ndipo Mwalimu Mektrida alipoomba karatasi.

Katika mkutano mzima ilikuwako karatasi moja. Alinyoosha mkono kwa katibu, na katibu, kwa sababu alikuwa amewahi kumsaidia kusahihisha mitihani na kuzoea kumtii, alimpa. Aliigeuza upande mtupu. Akasema karatasi hii ndefu ndiyo ile elfu sita, shamba la pembe nne, urefu mia na ishirini na tano na upana arobaini na nane. Akachora kijiti kirefu katikati yake, akachora kijiti kifupi karibu na kichwa, akaunganisha ncha nne. Tiara ikatokea ndani ya karatasi. Kisha akaazima kisu cha kupogolea kahawa, akakata pembe nne za karatasi, mbili ndogo za juu na mbili ndefu za chini, akamkabidhi Mama Digna zile pembe na kumwambia azipange juu ya tiara.

Mama Digna alipiga magoti juu ya vumbi. Pembe ndogo zililala upande wa kichwa, moja kushoto na moja kulia. Pembe ndefu zililala upande wa mkia. Ziliifunika tiara yote, bila kubakiza na bila kupungua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kilichokatwa kilikuwa sawasawa na kilichobaki, kwa hiyo tiara ni nusu ya karatasi, na nusu ya elfu sita ni elfu tatu. Shamba lilikuwa la hatua elfu tatu za mraba, si elfu nne na mia tisa. Lilizidi nusu eka, lakini robo tatu halikuifikia. Kamati ilikuwa imemwandikia mjane hatua elfu moja na mia tisa za hewa, kisha ikataka kumnyang'anya shamba kwa sababu hewa haikuota mahindi.

Mwalimu hakuishia hapo. Mtu mwingine angeishia. Alimwomba Bwana Aristides amsaidie kugawa. Gunia saba ni debe arobaini na mbili, kwa hatua elfu nne na mia tisa. Gunia nne na debe mbili ni debe ishirini na sita, kwa hatua elfu tatu. Aristides alikwaruza ardhi kwa kijiti kwa muda mrefu. Yeye alikuwa ametoa debe moja kwa kila hatua mia na kumi na sita na kitu. Mama Digna alikuwa ametoa debe moja kwa kila hatua mia na kumi na tano na kitu. Aliyeitwa mvivu alikuwa amemshinda mkulima bora wa kijiji, kwa upana wa mkeka. Aristides aliinuka, akajipangusa, akamtazama jirani yake. "Mama," akasema, "nadhani jembe linaloogopa jua ni langu." Kicheko cha siku ile kilisikika hadi barabara ya Himo.

Yako mambo mawili ambayo wasifu mpole ungeyaruka. La kwanza ni kwamba shamba la Mama Digna halikuwa peke yake. Wiki mbili zilizofuata Mzee Eliufoo alikatiza mashamba ishirini na matatu yaliyopinda, kila moja kwa ruhusa ya mwenyewe, pekupeku, na kati ya hayo kumi na moja yalikuwa yameandikwa makubwa kuliko yalivyo. Tuliwahi kuwakemea wenye mashamba sita kati ya hayo mbele ya watu. Ilibidi tuwatake radhi mbele ya watu haohao. Nawaambia wanaopenda kudai kwamba siasa ndiyo inayoongoza na hesabu ifuate nyuma: ndugu zangu, siasa ya haki iliyopimwa vibaya ni dhuluma yenye muhuri. Nilikuwa nadhani dhuluma hufanywa na wabaya. Siku ile ilifanywa na watu tisa wema waliokuwa wamekunywa chai pamoja asubuhi, na mwandiko ulikuwa wangu.

La pili ni hili. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la baba yangu, nikalifunga fundo, nikampelekea Mama Digna nyumbani kwake. Kila aliyezaliwa mlimani anajua kwamba anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Alilipokea. Kisha akasema kusamehe amesamehe, ila palizi ya Machi nitakuja. Nilikwenda. Nimekwenda kila Machi tangu mwaka ule, nikimaliza mstari wangu wa mwisho yeye akiwa amekaa kivulini zamani, akinikumbusha kwamba hilo ni shamba dogo.

Wakaguzi waliokuja baadaye waliandika katika taarifa zao kwamba Mwalimu Mektrida ana ufaulu mzuri na nidhamu ya kuridhisha. Mwaka 1980 alipewa cheti cha mfanyakazi bora chenye jina lake limekosewa herufi mbili, akakitundika jikoni juu ya mafiga ambako moshi umekimaliza. Zaidi ya wanafunzi wake mia mbili wamekwenda sekondari. Watatu ni wapima ardhi, na huyu wa mwisho, Beatrice, alianza kazi yake ya kwanza mwaka jana kule Chekereni, ambako mashamba ya mpunga yanachorwa. Ameandika barua kwa mwalimu wake kueleza kwamba kabla ya kupima huwa anabisha hodi kwa mwenye shamba na kuvua viatu, na mabwana wenzake wanamcheka. Mwalimu alinisomea barua hiyo mara mbili ofisini. Alisema ni kwa sababu ya mwandiko mzuri. Sikumwamini.

Kamati ya sherehe ilimuuliza anataka zawadi gani. Wengine walitaja saa ya ukutani, wengine mbuzi, wengine redio. Alisema anataka kamba mpya ya kupimia kwa ajili ya atakayerithi darasa lake, kwa sababu ya zamani imevutika na imeanza kusema uongo. Kamba imenunuliwa. Mbuzi pia yupo, kwa kuwa sisi ni Wachagga na maombi ya mtu yana mpaka wake. Na baada ya hotuba, ambazo nimeambiwa zitakuwa fupi, tutakula makande aliyoyaleta Mama Digna kwa kichwa chake kutoka shamba la tiara. Sufuria ni tatu. Asiwepo wa kusema shamba ni dogo.

Kuna zawadi nyingine moja, yangu mwenyewe. Ile karatasi ya tarehe 16 Agosti sikuitupa. Mama Digna alinirudishia vipande vyote vitano siku ileile, na kwa miaka tisa vimekaa katikati ya daftari langu la siasa, mahali ambapo sikupenda kufungua. Wiki iliyopita vijana wa useremala wamevigundisha juu ya ubao wa mringaringa, tiara katikati na pembe nne zimerudi mahali pake, upande wa maandishi ukiwa juu. Mistari ya kukata inaonekana wazi. Azimio lote linasomeka, na jina la aliyeliandika liko chini.

Mwalimu Mektrida ataambiwa ni lake. Nadhani ataangalia, atasoma hadi mwisho, atatafuta kosa la herufi, kisha atasema libaki ukutani katika darasa la saba. Basi libaki. Kila Julai watoto watakaposoma eneo la tiara, walisome na azimio lile.

Mwalimu, walimu wa Lyaruka tunakushukuru, na aliyeandika haya anakushukuru zaidi ya wote. Rudi kihambani kwako, upumzike, migomba yako ikuzalie mikungu mizito na magoti yako yasikuume mvua za masika zikianza. Maisha yaliyobaki yawe marefu na mapana, Mwalimu, na usiruhusu mtu ayapime kwa kuzunguka ukingoni. Mama Digna ameniagiza nikuambie kwamba palizi ya Machi ijayo, ingawa sasa utakuwa na nafasi, huna haja ya kuja kumsaidia. Anaye mtu.